Mji wa Reli Ndani ya Kaseti

Mchezo wa kujenga mji uliingia nyumbani kwetu Kindu kwa gari moshi. Mjomba aliuleta kutoka Lubumbashi katikati ya miaka ya 1990, mashine ya Super Nintendo ikiwa imeviringishwa kitenge ndani ya sanduku la nguo, na kaseti moja tu. Watoto wa mtaa walitaka mpira au ngumi. Kaseti ile haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa SimCity: unapewa ardhi yenye msitu na maji, unapewa fedha, unaambiwa wewe ndiye meya, basi.

Aliyeubuni ni Mmarekani Will Wright. Mwaka 1984 alitoa mchezo wa kulipua visiwa kwa helikopta, na wakati wa kuutengeneza akagundua kwamba kuvichora visiwa, na barabara na viwanda vyake, kulimpa raha kuliko kuvilipua. Kutokana na raha hiyo akatengeneza SimCity, iliyotoka mwaka 1989. Nintendo ikauhamishia kwenye mashine yake ya nyumbani mwaka 1991, ikaongeza mshauri mwenye nywele za kijani aliyeitwa Dokta Wright, kwa jina la mbunifu mwenyewe. Kila mji ulianza mwaka 1900 ukiwa kijiji. Ukifikisha watu 2,000 unapanda daraja, ukifikisha 10,000 unapanda tena, na kileleni kabisa wanakusubiri watu 500,000. Kodi ilianza kwenye asilimia 7. Mimi nilikuwa na haraka ya kuipandisha, na Mjomba, aliyekaa nyuma yangu kwenye kiti cha kamba, alinizuia: "Baba, watu watahama. Waache kwanza wapike, ndipo uwaombe chakula."

Nakumbuka zaidi alama moja kuliko kitu kingine chochote cha mchezo ule. Nyumba isiyofikiwa na umeme ilikuwa na mshale wa radi ukiwaka na kuzimika juu yake, ukiwaka na kuzimika, mpaka uvute waya kutoka kwenye mtambo. Watu hawahamii penye mshale huo. Nasi tulikuwa tukicheza katika komine ya Kasuku, kwa umeme wa zamu, au kwa jenereta ya jirani aliyetuuzia saa mbili tatu za jioni. Jenereta ikikata, mji wote unatoweka kwenye televisheni pamoja na reli zake, isipokuwa kama uliuhifadhi mapema. Ndani ya kaseti kulikuwa na betri ndogo iliyoshikilia kumbukumbu. Kwa hiyo tulijifunza kusikiliza mashine ya jirani: ikianza kukohoa, mmoja wetu anapiga kelele, aliyeshika manete ya kuchezea anakimbilia kuhifadhi. Watoto wa nchi zenye umeme wa kudumu hawakuucheza mchezo huu kwa masikio kama sisi.

Na tuliucheza kwa reli. Kipande cha reli kiligharimu mara mbili ya kipande cha barabara, lakini barabara zilijaa magari na kutoa moshi, Dokta Wright akaja kulalamika. Reli haikusongamana kamwe. Wachezaji wengi duniani waligundua hila hiyo baada ya kuhangaika na foleni. Sisi hatukuigundua. Tulianza nayo, kwa kuwa hatukujua mji unaoweza kuanza kwa njia nyingine.

Kindu ni mtoto wa reli na mto. Mto wenyewe, Lualaba, haupitiki kwa meli huko juu, kwenye maporomoko yaliyo karibu na Kongolo yanayoitwa Milango ya Jehanamu. Kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902 kwa mtaji wa Empain wa Ubelgiji, ikajenga reli ya kuyakwepa, ikaishia hapa petu. Kutoka Kindu mzigo unashuka bandarini, unakwenda kwa meli zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu, unapanda tena reli ya kilomita 125 hadi Kisangani. Mji wetu ulikua kwa sababu hapa ndipo gunia linapobadilisha chombo. Mjomba alinieleza hayo huku mchezo ukiwa umesimamishwa, akionyesha kwa kidole kwenye kioo: weka stesheni hapa, bandari hapa, wapagazi na wauza chai watakuja wenyewe. Wakaja kweli. Katika mwaka 1910 wa mchezo, karibu na wakati reli ya kweli kati ya Kindu na Kongolo ilipokamilika, mji wangu ulikuwa na nyumba kando ya maji.

Hapo ndipo nilipokwama, na swali langu la kwanza kwa mchezo huu nimekaa nalo miaka mingi. Kindu ina komine tatu: Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo hii ya mto, Alunguli iko ng'ambo ile. Kati yao hakukuwa na daraja. Shangazi yangu aliishi Alunguli, na kila tulipomtembelea tulishuka ufukoni, tukapanda mtumbwi pamoja na baiskeli za watu, kuku, mihogo na wanafunzi waliovaa sare. Kwenye mchezo hapakuwa na mtumbwi. Bandari ilihesabiwa kwa faida ya viwanda tu. Meli ilionekana ikizunguka majini bila kumvusha mtu hata mmoja. Ukitaka watu wavuke kwenda ng'ambo ya pili, jenga daraja. La sivyo Alunguli yako inabaki peke yake. Nilimuuliza Mjomba kwa nini waliosanifu mchezo waliuona mto kuwa ukuta. Akasema labda hawajawahi kuwa na shangazi ng'ambo.

Vita vya mwaka 1998 vilivunja yote hayo. Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD mwezi wa Oktoba, treni ikakoma kuja, na kwa miaka kadhaa mji ukaishi kwa ndege na kwa migongo ya watu. Chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko. Katika SimCity, ukiondoa kipande kimoja tu cha reli inayolisha mtaa, mtaa huo haufi siku hiyo; unafifia, maduka kwanza, halafu nyumba, moja moja. Nililijua hilo kwa vidole kabla sijaliona kwa macho kwenye barabara ya stesheni. Mashine ya Mjomba iliuzwa kwa mchele, na ilistahili kuuzwa.

Baada ya vita treni ilipiga honi tena, na sale za michezo zikafunguliwa, PlayStation mbili tatu na jenereta nje ya mlango. Vijana wa toleka, teksi za baiskeli, walikuja kucheza mpira wakiwa wameegemeza baiskeli ukutani. Nilisubiri waondoke ndipo niombe SimCity 2000. Hapo niliona maji kwa mara ya kwanza: unafungua ardhi, unaona mabomba, unapanga pampu kando ya mto. Mji usio na bomba unaishi, lakini unadumaa. Nje ya sale ile wasichana walipita na bidoni vichwani wakitoka mtoni, na nadhani hakuna somo la shuleni lililoniingia kama lile.

Toleo la simu lililotoka mwaka 2014 nalitaja kwa sababu vijana wengi wanalijua hilo tu. Linataka ungoje saa nyingi au ulipe fedha halisi ili ujenzi uishe. Linafundisha kulipa, halifundishi mji.

Mchezo uliorudisha moyo wangu ni Cities: Skylines, uliotengenezwa Finland na kampuni ndogo ya Colossal Order. Ulitoka mwaka 2015, ukafika kwenye PlayStation 4 mwaka 2017. Tunao nyumbani kwa binamu yangu, kwa umeme wa paneli za jua. Humo mto unatiririka kweli. Ukiweka bomba la maji machafu juu ya mkondo na pampu ya kunywa chini yake, watu wote wanaugua. Mtu wa jimbo letu la Maniema, anayejua kipindupindu ni nini, haelezwi mara mbili. Na mwaka huohuo wa 2017 kompyuta zikapata nyongeza ya usafiri wa umma iliyoleta vivuko: unachora njia juu ya maji, unaweka gati huku na gati kule, na abiria wanajipanga. Kwenye mashine za nyumbani ilikuja baadaye. Jioni tulipoipata nilijenga mji wa ng'ambo mbili bila daraja lolote. Ng'ambo ya pili ikaota nyumba.

Kwangu ilichukua miaka mingi kuiona michezo hii ikiukubali mto kuwa barabara. Hata hivyo kitu kimoja bado hakimo: mahali pa kubadilishia chombo, penye mpagazi, mama muuza samaki, ghala, na treni isiyojulikana itafika lini. Kwenu mnaojifunza kuandika programu Kindu, Kisangani na Lubumbashi: utengenezeni mchezo huo. Muanze na gati la Kindu, mumpe meya fedha kidogo, na mtu wa Alunguli avuke kwenda sokoni tangu dakika ya kwanza.