Barua ya Pili

Kungoja ni kazi ngumu kuliko kulima. Sisi wazazi tukaao katika komine ya Lubumbashi, si mbali na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tumelijua jambo hilo mwaka huu kwa ajili ya binti yetu.

Alipofaulu mtihani wa Serikali kwa alama 61 kwa mia, majirani walimmwagia poda nyeupe kichwani, kama ilivyo desturi kwetu, na nyumba ikajaa nyimbo. Akaomba kusomea udaktari katika chuo kikuu kimoja, ambacho jina lake tutaliacha, maana kosa lilikuwa letu. Baada ya majuma kadhaa likaja jibu: hakukubaliwa, wala hakukataliwa. Shauri lake limeahirishwa mpaka kikao kingine, kwa kuwa miaka ya masomo yake haikufuatana.

Hasira ikatushika. Usiku ule ule tukaandika barua ya kurasa 2. Tuliwakumbusha wakubwa wa chuo gharama zote tulizolipa, tukataja na jina la mtu mwenye cheo tunayemfahamu. Rafiki mmoja akatushauri tutie matabishi kidogo ndani ya bahasha. Tukamwita binti yetu atie sahihi.

Akaisoma akiwa amesimama, kisha akaturudishia kwa mikono miwili. "Baba, mama, nisameheni," akasema. "Humu mna hasira yenu na jina la mtu mwingine. Mimi simo."

Tukanyamaza. Ndipo akalisema neno tulilolikwepa: "Wanauliza juu ya mwaka ule. Tuwaambie."

Mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa. Wenzake walipojisomea, yeye aliuza unga sokoni. Mtihani ukamshinda, akakaa nyumbani mwaka mzima, kisha akarudi shuleni na kufaulu. Ni sisi tuliomwagiza asiandike habari hiyo katika maombi yake, kwa kuona aibu mbele ya watu wenye elimu.

Aibu hiyo haikutufaa kitu. Chuo kikuu kilipofunguliwa mjini kwetu mwaka 1956, mji ungali ukiitwa Elisabethville, wanafunzi Waafrika walikuwa wachache. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani, na mwaka 1981 kikasimama tena peke yake, ndicho Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Siku hizi vijana waombao nafasi katika vyuo vyetu ni wengi mno. Mtu asomaye rundo la karatasi za watoto wa wengine atawezaje kukisia lile tulilolificha?

Basi, barua ya kwanza tukaitia motoni, pamoja na shauri la rafiki yetu. Ya pili aliiandika binti yetu mwenyewe. Kwanza tulizungumza naye kwa Kiswahili, mpaka maneno yakawa safi. Kisha akayaandika kwa Kifaransa katika ukurasa 1. Alishukuru kwa kuwa shauri lake halijafungwa. Akasema kwamba bado anakitamani chuo hicho, akaueleza ule mwaka bila kujihurumia, akatia cheti cha hospitali na barua ya mwalimu wake. Mwishoni akauliza jambo 1 tu: je, kuna karatasi nyingine inayohitajiwa?

Aliipeleka kwa mkono, akipita Uwanja wa Posta asubuhi na mapema. Alichukua nakala 2, na ile aliyobaki nayo ikapigwa muhuri wa siku ilipopokelewa. Vijana, msisahau muhuri huo. Barua isiyo na ushahidi hupotea kama maji mchangani.

Twaandika haya, na jibu la mwisho halijafika. Huenda likawa jema, huenda lisiwe. Kila jioni binti yetu huwafundisha hesabu watoto wa jirani uani, naye haulizi tena kama kuna mtu aliyempigia simu. Sisi ndio tunaouliza.

Lakini jambo moja limekwisha kuamuliwa nyumbani mwetu. Mwaka ule tuliouficha, sasa twautaja mbele ya wageni. Binti yetu alimwuguza mama yake, akashindwa, akainuka. Kama hiyo si habari ya kumwambia mtu afundishaye waganga, basi hatujui ni ipi.