Bolti Kwenye Pindo la Kanga

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewatupa wiki tatu nzima, msininunie. Nilikuwa nyumbani Morogoro, likizo, na kitabu sikufungua hata kimoja. Ila somo moja nimelipata, tena la kunitoa jasho, na leo kabla ya lekcha ya saa nane ngoja niwasimulie.

Mzee wangu ni bodaboda. Pikipiki yake ya Kichina ndiyo iliyonisomesha sekondari, na mpaka leo bumu likichelewa ni yeye anayenirushia elfu kumi kumi kwenye simu. Kwa hiyo pale kwetu pikipiki si usafiri tu. Ndiyo shamba letu.

Jumamosi moja akarudi mapema, akasema breki ya nyuma imekwisha. Pale kwenye mkono wa breki, pembeni ya gurudumu, kuna kamshale kadogo. Ukikanyaga breki kamshale kakafika kwenye alama, ujue viatu vya breki vimelika, inabidi vipya. Viatu alishanunua, ila mgongo unamsumbua siku hizi, kuinama hawezi. Akaniangalia. "Mwalimu, leo tairi unatoa wewe. Hela ya fundi tununue mchele."

Mimi nimempa mzee spana tangu niko darasa la tatu, nikaona kazi gani hiyo! Akakaa kwenye kigoda, akanielekeza kwa mdomo kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akauliza, "Umeelewa?" Nikajibu chap, "Ndiyo baba." Akaingia ndani kujinyoosha.

Basi nikajifunga kanga juu ya suruali, nikaanza. Pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali pagumu, isije ikaniangukia. Nikatandika gunia chini, kila kinachotoka nakipanga kwa mstari, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Hiyo ni sheria ya mzee, maana kurudisha ni kusoma ule mstari kinyumenyume. Nikalegeza nati ya ekseli kwanza, bila kuitoa. Nikafungua nati ya fimbo ya breki, nikaweka springi yake na kile kipini pamoja. Halafu nikafungua bolti ya kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki.

Hapo simu ikaita. Rafiki yangu wa chuoni, na si mnajua maneno yake hayaishi. Nikaifunga ile bolti na nati yake kwenye pindo la kanga zisipotee, nikapokea. Tumeongea dakika ishirini.

Nikarudi kazini. Nikalegeza vivuta cheni vya pande zote mbili, nikatoa nati ya ekseli, nikagonga ekseli taratibu kwa nyundo huku nimekinga kipande cha mbao ili uzi wake usiharibike. Bushi ikadondoka, nikaangalia ilikuwa upande gani. Nikasukuma tairi mbele, cheni ikalegea, nikaichomoa kwenye meno, tairi hilo likatoka. Jirani aliyekuwa anapita akasimama. "Heh, mtoto wa kike!" Nikazidi kuvimba kichwa.

Vumbi la breki sikulipuliza kwa mdomo, si zuri kwa mapafu. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Ngoma ikakauka, nikaipitishia msasa kidogo, nikavisha viatu vipya na springi zake. Grisi nikapaka kwenye ekseli tu, maana ikigusa viatu, breki huna.

Kurudisha kukanipa tabu kidogo, ila nikaweza. Cheni nikaikaza mpaka katikati inacheza kama sentimita 2 hadi 3, alama za kushoto na kulia zikalingana, nati ya ekseli nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Nikaangalia gunia: tupu! Nikazungusha tairi kwa mkono, nikakanyaga breki, likasimama. Nikajipigia makofi mwenyewe.

Usiku, saa tano hivi, nafungua kanga nilale. Pindo zito. Nafungua fundo. Bolti na nati.

Jamani, nilihisi tumbo linakuwa la baridi. Mimi nasoma ualimu wa fizikia, sikuhitaji kuambiwa. Viatu vya breki vinaposukuma ngoma inayozunguka, ngoma nayo inavivuta viende nayo, na sahani nzima inataka kuzunguka. Kinachoizuia ni kile chuma kirefu. Nilipozungusha kwa mkono nguvu ilikuwa ndogo, msuguano wa ekseli ukatosha. Lakini mtu wa miaka hamsini na kitu, amebeba abiria, akanyage breki kwa nguvu mteremkoni? Sahani inazunguka, fimbo inapinda, tairi linaweza kujifunga palepale.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwamsha baba yake. Mimi nikasema aa, mzee amechoka, nitaamka kabla yake nifunge kimya kimya. Ukweli wenyewe niliogopa kuumbuka. Nikatega alamu saa kumi alfajiri.

Alamu sikuisikia. Kilichoniamsha ni mlango wa bati unafunguliwa. Nikatoka mbio, kanga mkononi, miguu peku, moyo unapiga kama ngoma.

Mzee alikuwa amechuchumaa pembeni ya tairi la nyuma, tochi mdomoni, na mgongo wake ule. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, kiganja wazi.

"Lete."

Nikaiweka bolti mkononi mwake. Nikasema shikamoo, sauti haitoki. Akaitikia marahaba kama siku zote. Kumbe kila alfajiri, kabla hajawasha, anapitisha mkono kwenye kila nati ya magurudumu, miaka yote hiyo, mimi nikiwa nimelala.

Nilitegemea kugombezwa. Wala. Abiria wake wa alfajiri, mama anayewahi sokoni, alishapiga simu mara mbili. Akamwambia atafute mwingine leo, yeye kuna mwanafunzi anamfundisha. Akanirudishia bolti. "Fungua upya lote. Na safari hii unanieleza mimi, kila kimoja kazi yake nini."

Nikafungua. Kila nilichoshika nikakitaja kazi yake, na nikikosea ananyamaza tu mpaka nijirekebishe. Kulipokucha tukawa tumemaliza. Nauli ya yule mama ilipotea kwa ajili yangu, na alikuwa mteja wa kila siku.

Sasa kilichonikaa rohoni ni hiki. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya kidato cha pili, nikafundisha kani dakika arobaini, mwisho nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likajibu ndiyoooo. Nikafunga daftari nimefurahi, nikaandika kwenye ripoti kwamba somo limeeleweka. Ile ndiyo yao ndiyo hii hii niliyompa baba kwenye kigoda. Wangapi siku ile walitoka na bolti kwenye pindo, na wangapi waliona aibu kusema?

Mzee wangu ameishia darasa la saba. Lakini aliuliza "umeelewa" mara moja tu, ikamgharimu, hakurudia. Mara ya pili alisema "nieleze".

Na kama umefunga kitu halafu usiku ukakuta bolti mkononi, ndugu yangu, mwamshe mwenye pikipiki. Aibu ya usiku mmoja haijaua mtu.

Haya, saa nane inakaribia, ngoja niwahi kiti cha mbele. Nyie je, mlishawahi kubakiza bolti? Semeni ukweli.