TIMU HII NI YA NANI?
Safari ya mpira kutoka Iringa hadi Mbeya



Je, kijijini kwako iko timu ya mpira? Bila shaka iko. Jioni vijana wanarudi kutoka shambani. Wanaweka majembe, wanakwenda uwanjani. Wewe pia unakwenda kutazama. Timu ikishinda unasema, "Tumeshinda." Ikishindwa unasema, "Tumefungwa." Husemi "wamefungwa." Unasema "tumefungwa," kwa sababu timu ni yako.

Lakini je, ni yako kweli? Nani alinunua mipira na jezi? Jina la mwenye timu limeandikwa wapi? Akija mtu mwenye fedha, akataka kuichukua na kuipeleka kwao, nani atasema ndiyo? Na nani atasema hapana?

Leo twende safari pamoja. Tutapanda basi Iringa, tutashuka Mbeya. Njiani tutatazama timu nne za mpira wa miguu. Kila timu ina mwenyewe wa namna yake. Moja kati ya hizo haipo tena mahali pake. Haikufa. Ilihama.

IRINGA: TIMU YA WENYEJI

Mji wa Iringa uko juu ya kilima. Chini yake unapita Mto Ruaha Mdogo. Mjini kuna uwanja unaoitwa Samora. Jina hilo ni la Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji. Hapo ndipo nyumbani kwa timu ya Lipuli. Mashabiki wake huwaita wachezaji "Wanapaluhengo."

Mwaka 2017 Lipuli ilipanda Ligi Kuu. Ligi Kuu ni mashindano ya juu kabisa ya mpira nchini. Watu wa Iringa walifurahi sana. Mwaka 2019 timu ikafanya jambo kubwa zaidi. Ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali hiyo ilichezwa tarehe 1 Juni, 2019, katika Uwanja wa Ilulu, Lindi. Lipuli ilicheza na Azam ya Dar es Salaam. Azam ni timu ya tajiri mwenye viwanda. Ilishinda Azam, bao 1 kwa 0.

Bao moja tu! Ungedhani Lipuli imekwisha kuwa timu kubwa. Lakini mwaka uliofuata, 2020, ilishuka daraja. Tangu hapo hadi msimu wa 2025/26, Mkoa wa Iringa haukuwa na timu katika Ligi Kuu.

Ligi Kuu ina gharama nyingi. Leo timu inacheza nyumbani. Wiki ijayo inatakiwa mkoa wa mbali. Baada ya hapo inatakiwa mkoa mwingine. Basi linataka mafuta. Wachezaji wanataka chakula, mahali pa kulala na mishahara. Kocha naye analipwa. Aliyeumia mguu anataka dawa. Fedha za kiingilio peke yake hazitoshi. Kwa hiyo timu inayotegemea wenyeji hupendwa na wengi, lakini mara nyingi mfuko wake ni mwepesi.

Kumbuka jambo hili. Sasa tuendelee na safari.

MBARALI: TIMU ILIYOHAMA

Basi linashuka Ipogolo na kushika barabara kuu iendayo Zambia. Tunapita Ifunda. Tunapita Mafinga na msitu mkubwa wa misonobari wa Sao Hill. Hapo kuna baridi kali. Tunafika Makambako, mahali ambapo barabara inakutana na reli ya TAZARA. Kisha barabara inateremka. Makoti yanavuliwa. Tumeingia Bonde la Usangu, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya.

Hii ni nchi ya mpunga. Mito inashuka kutoka milimani na kumwagilia mashamba. Maji mengine hukusanyika katika eneo oevu linaloitwa Ihefu. Kutoka Ihefu, Mto Ruaha Mkuu huendelea mpaka bwawa la umeme la Mtera. Wenyeji waliipa timu yao jina hilo: Ihefu.

Tuache barabara kuu, twende Ubaruku. Hapa kuna shamba kubwa sana la mpunga. Lilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Lilikuwa mali ya umma, chini ya shirika la NAFCO. Baadaye Serikali iliuza mashamba yake mengi, na shamba hili likawa mali ya kampuni ya Highland Estates. Uwanja wa mpira wa hapa nao ukaitwa Highland Estates. Unaona? Hata shamba hubadili mwenyewe. Lakini shamba halina miguu. Likiuzwa, linabaki palepale.

Timu ni kitu kingine. Sikiliza habari za Ihefu.

Mwaka 2020 Ihefu ilipanda Ligi Kuu. Mwaka 2021 ilishuka. Haikukata tamaa. Mwaka 2022 ilipanda tena, ikiwa bingwa wa ligi ya chini yake.

Tarehe 29 Novemba, 2022, Yanga ilikuja Ubaruku. Yanga ni klabu kubwa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1935. Wakati huo ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Yanga ikatangulia kupata bao. Ihefu ikasawazisha kwa mpira wa adhabu uliopigwa na Never Tigere. Kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga bao la pili. Mpira ukaisha: Ihefu 2, Yanga 1.

Nchi nzima ilishangaa. Watu waliuliza, "Ubaruku ni wapi?" Timu iliyotoka katikati ya mashamba ya mpunga ilikuwa imefanya jambo ambalo timu za miji mikubwa zilishindwa kulifanya. Oktoba 2023 Yanga ilirudi Ubaruku. Ikafungwa tena, 2 kwa 1.

Lakini mwanzoni mwa mwaka 2024, katikati ya msimu, Ihefu iliacha Mbarali. Ilikuwa chini ya wamiliki wapya. Ikahamia Singida, ikawa inachezea Uwanja wa Liti. Kabla ya msimu wa 2024/25 likaondoka na jina. Timu ikaitwa Singida Black Stars. Mwaka 2025 Singida Black Stars ilichukua Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Kombe likaenda Singida. Mbarali haikupata kombe, na jina la Ihefu halikuwapo tena kwenye ligi.

Je, hapo sheria ilivunjwa? Hapana. Mwenye mali anaweza kuuza mali yake. Nafasi katika ligi ni ya klabu. Si ya wilaya, wala si ya uwanja. Klabu ikihama, nafasi inahama nayo.

Wala tusiwalaumu watu wa Singida. Wao pia wameonja uchungu huo. Mwaka 2022 timu iliyokuwa ikiitwa DTB ilihamia kwao, ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikahama, ikaenda Babati katika Mkoa wa Manyara. Jina la Singida likatupwa njiani. Timu moja, wenyewe mbalimbali, majina manne.

Siku ya mchezo mkubwa si siku ya mpira tu. Wageni wanakula, wanapanda pikipiki, wanalala nyumba za wageni. Muuza chapati anapata chochote. Kijana anajifunza kwa kutazama wakubwa wakicheza. Timu ikihama, hayo yote yanaondoka pamoja nayo. Mashabiki walishangilia kwa moyo wote. Lakini kushangilia si kumiliki.

MBEYA: TIMU YA HALMASHAURI NA TIMU YA JESHI

Turudi barabarani. Tunapita Chimala na Igurusi, tunapanda tena milima. Tukifika Uyole, njia ya kushoto inakwenda Tukuyu. Timu ya huko, Tukuyu Stars, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Wazee wa Rungwe wanaukumbuka mwaka ule mpaka leo. Baadaye timu ilishuka. Ubingwa ni kitu kizuri, lakini peke yake hautunzi timu.

Sasa tumefika Mbeya mjini. Uwanja hapa unaitwa Sokoine, kwa kumkumbuka Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka 1984. Timu mbili zinautumia.

Ya kwanza ni Mbeya City. Timu hii iliundwa mwaka 2011. Mwenyewe ni Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Mwaka 2013 ilipanda Ligi Kuu. Katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya 3. Azam na Yanga tu ndizo zilizokuwa mbele yake. Simba ilikuwa nyuma yake.

Miaka ikapita, mambo yakawa magumu. Mwaka 2023 Mbeya City ilitolewa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mchujo, ikashuka daraja. Je, iliuzwa ikapelekwa mji mwingine? Hapana. Ilibaki Mbeya na jina lake. Ikacheza ligi ya chini miaka miwili. Mwaka 2025 ikapanda tena.

Ihefu ilipanda, ikaondoka. Mbeya City ilishuka, ikabaki, ikarudi. Tofauti yao haikuwa miguuni mwa wachezaji. Ilikuwa katika mwenyewe.

Hata hivyo, usidhani timu ya halmashauri haina shida. Fedha za halmashauri ni za wananchi wote. Zinatakiwa pia katika zahanati, shule na barabara. Madiwani wana haki ya kuuliza kila shilingi ya timu imekwenda wapi. Nawe una haki ya kumwuliza diwani wako.

Timu ya pili ni Tanzania Prisons. Hii ni mali ya Jeshi la Magereza. Imecheza Ligi Kuu misimu mingi. Faida yake ni kwamba mwenyewe ana ofisi, ana utaratibu, na hatoroki. Lakini shabiki wa mtaani hana kura ndani yake. Msimu wa 2020/21 Prisons ilihamishia michezo yake ya nyumbani Sumbawanga. Baadaye ikarudi Sokoine. Aliyeamua iende na irudi ni mwenyewe, si shabiki.

SISI TUFANYE NINI?

Safari yetu imekwisha. Tumeona wenyewe wa namna nne: wenyeji, tajiri, halmashauri na jeshi. Hakuna mmoja asiye na kasoro. Mwenyeji ana mapenzi, lakini fedha chache. Tajiri ana fedha, lakini anaweza kuondoka. Halmashauri haiondoki, lakini ina kazi nyingi. Jeshi ni imara, lakini halikuulizi.

Timu yako ya kijiji ni ndogo leo. Hiyo ndiyo saa nzuri ya kuweka mambo sawa. Timu ikishakuwa na thamani, maneno huwa mengi. Fanyeni hivi:

Kwanza, andikeni katiba. Katiba iseme wazi timu ni ya nani, na nani anaweza kuamua iuzwe, ihame au ibadilishe jina.

Pili, wekeni daftari la wanachama. Kila mwanachama aandikwe jina na ada aliyolipa. Leo unajua kusoma. Usikubali daftari likae kwa mtu mmoja bila wewe kulisoma.

Tatu, sajilini timu yenu. Mwulizeni afisa wa michezo wa wilaya. Atawaeleza utaratibu wa kumfikia Msajili wa Vyama vya Michezo.

Nne, akija mfadhili, mpokeeni vizuri. Lakini andikeni. Jezi alizoleta ni zawadi, au ananunua sehemu ya timu? Klabu ya Simba ilipompokea mwekezaji, Serikali ilitaka wanachama wabaki na sehemu 51 katika kila 100. Mwekezaji asizidi sehemu 49. Kama klabu kubwa vile ilihesabu sehemu zake, nanyi hesabuni zenu.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Timu nayo ni mali.

JADILIANENI

1. Timu ya kijiji chenu ni ya nani? Imeandikwa wapi?
2. Tajiri akitaka kuwalipia gharama zote, lakini timu ibadilishe jina, mtakubali? Kwa nini?
3. Lipi ni bora: timu ndogo inayobaki kijijini, au timu kubwa inayoweza kuhama?

Jioni ya leo, ukienda uwanjani, shangilia kwa nguvu. Mpira ukiisha, mwulize katibu wa timu swali moja tu: "Ndugu Katibu, daftari liko wapi?"