Siku mbili Pangani, na neno moja lililonitoa nyumbani

Wiki iliyopita tuliongea uji wa lishe. Leo naomba tuweke sufuria pembeni, nina jambo la nyumbani kwangu.

Wengi mnanijua kama nesi wa huku Kwamsisi. Mimi ni wa kuja, mume wangu ndiye Mzigua wa hapa hapa. Tuna watoto wawili, Zawadi wa miaka tisa na Juma wa miaka minne. Sasa siku moja Zawadi anarudi shule, anatupa mkoba, ananiambia, "Mama, leo tumemcheka yule wa Chogo. Tumemwita Msomali mkimbizi, akalia."

Jamani, nilikaa chini. Sikuumia kwa sababu mtoto ametukana, maana watoto hutukana. Nilichoumia ni kwamba bibi wa huyo rafiki yake namfahamu, huwa analeta wajukuu kliniki. Na huyo bibi anaongea Kizigua safi kuliko mume wangu!

Kwa wasiojua, Chogo ni makazi yaliyoanzishwa hapa Handeni mwaka 2003 kwa ajili ya familia zilizokimbia vita vya Somalia. Wengi wao wameshapewa uraia wa Tanzania. Lakini hawakuja ugenini. Miaka ya 1830 kulikuwa na njaa kali Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wao na watoto wao ili wale, wakaishia kupakiwa majahazini na kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na lugha yao wakaishika, kizazi hadi kizazi. Vita vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao walirudi walikotoka mababu zao.

Nilijaribu kumweleza Zawadi hayo. Akaniitikia "sawa mama" ile ya kutaka nimuachie. Ndipo nikamwambia baba yake, mwisho wa mwezi nina siku mbili za mapumziko, tuwapeleke watoto Pangani wakaione hiyo pwani. Akaniuliza hela ya kuchezea tunayo? Nikamwambia hatuendi kucheza. (Tulicheza pia, nisiwadanganye.)

Jumamosi alfajiri tukaondoka, gari hadi Mkata, basi la barabara kuu hadi Segera, kisha Muheza, kisha Pangani. Juma alitapika mara mbili. Wenzangu, ukisafiri na mtoto mdogo beba mfuko wa akiba, nguo ya kubadilisha, maji yaliyochemshwa na pakiti mbili za ORS. Usimlishe mtoto chapati ya mafuta saa kumi na moja asubuhi kama mwenzenu nilivyofanya.

Pangani ni mji mdogo, unaumaliza kwa miguu. Upande mmoja bahari, upande mwingine mto Pangani, huo huo unaoanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru. Ng'ambo ni Bweni, watu wanavuka kwa pantoni. Nyumba za zamani zina baraza mbele na milango ya kuchongwa, nyingine zimebomoka kuta, miti imeota ndani. Kuna Boma, jengo la tangu enzi za Waarabu ambalo baadaye serikali za kikoloni zililifanya ofisi. Zawadi alichukua simu yangu akapiga picha kila mlango. Kila mlango, jamani! Chaji ikabaki kidogo.

Mume wangu alikuwa anasimulia tukitembea. Kwamba Agosti 1888 ndipo hapa watu walipowagomea Wajerumani wa kampuni waliotaka kupandisha bendera yao, na kwamba kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889. Zawadi akauliza, "Kwa hiyo alikuwa mtu mzuri?" Baba yake akanyamaza kidogo, akamwambia alikuwa jasiri, ila naye alikuwa na shamba la miwa lenye watumwa. Kando ya mto huu mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Mtoto akasema, "Mbona imechanganyikana hivyo?" Nikamjibu, ndivyo ilivyo, mwanangu.

Kwenye baraza moja alikaa bibi mmoja anasuka ukili. Zawadi akainua simu. Bibi akajifunika uso na kanga. Nikamshika mtoto mkono. Kazini kwetu mgonjwa hapigwi picha bila ruhusa yake, na mtu barazani kwake ni hivyo hivyo. Tukamwamkia, tukaomba radhi. Akacheka, akatuuliza tumetoka wapi. Tulipotaja Kwamsisi akasema, "Kumbe Wazigua. Zamani watu wenu walishuka sana huku kwa njaa." Alisema hivyo tu, akaendelea kusuka.

Zawadi hakuongea mpaka tulipofika ufukweni. Akasimama anaangalia majahazi, kisha akaniuliza, "Mama, kama wakati ule kulikuwa na njaa nyumbani, mngenipeleka?"

Nawaambia ukweli, sikuwa na jibu zuri. Kliniki nimeona mama anayekosa cha kumpa mtoto, najua macho yake yanavyokuwa. Nikamwambia, "Ningefanya kila kitu usife. Na wale mama nao walifanya hivyo." Akaniegemea. Juma alikuwa anakimbiza kaa, hana habari.

Jumatatu alienda kumuomba rafiki yake msamaha. Sikumsindikiza, nilitaka aende mwenyewe. Aliporudi akasema, "Amesema sawa, lakini hajacheka." Nikamwambia mpe muda. Ukimchoma mtu sindano huwezi kumwamuru asisikie maumivu.

Siku ya kliniki bibi wa yule mtoto alipokuja, nilimuuliza kama angependa kuona picha. Akaangalia milango haraka haraka, haikumshughulisha. Kwenye picha ya bahari akasimama. Yeye mwenyewe alikuja na boti, amebeba mtoto mgongoni. Akaniambia, "Nesi, maji ni yale yale. Waliondoka kwayo, sisi tukarudi kwayo." Ameniruhusu niwasimulie haya. Picha yake siweki, hakutaka.

Basi mama zangu, mwisho wa mwezi si lazima uende Pangani. Labda kwenu kuna kaburi la zamani, daraja, mti wa mikutano, au bibi jirani anayejua mambo. Mpeleke mtoto, muache aulize, hata swali usilolijua. Na kabla hajapiga picha ya mtu, mfundishe kuamkia kwanza na kuomba.

Wiki ijayo turudi kwenye lishe. Mtaniuliza kuhusu chapati ya alfajiri, najua.