Efemera wa Ruvu: Kumbukumbu za Kazi Dutumi

Efemera ni wadudu wa oda ya Efemeroptera. Karibu maisha yao yote hupita majini, wakiwa tunutu wenye matamvua kwenye fumbatio. Tunutu akikomaa huibuka na mabawa yaliyofifia, kisha hujivua gamba tena na kuwa mdudu mzima wa mabawa maangavu. Hakuna wadudu wengine walio hai leo wanaojivua gamba wakiwa tayari wanaruka. Mdudu mzima hali kitu; hupandana, hutaga na kufa, mara nyingi ndani ya saa au siku chache.

Ufupi huo wa maisha hufanya tunutu na mdudu mzima wa spishi moja kujulikana kila mmoja kivyake. Mwaka 1762 Geoffroy wa Ufaransa alimweka tunutu wa Prosopistoma, mwenye ngao mgongoni, katika jamii ya kaa na kamba. Mwaka 1954 M. T. Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria Tanganyika, alichapisha maelezo ya wadudu wazima wa jenasi hiyo pamoja na spishi mbili mpya za Afrika.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alifanya kazi ya namna hiyo, ya kuoanisha tunutu na mdudu mzima wake, huko Dutumi, katika bonde la Ruvu. Jioni shuka jeupe lilitundikwa, karabai ikawashwa mbele yake, na wadudu wakaokotwa mmoja mmoja. Sampuli bora, hata hivyo, zilitokana na kufuga. Tunutu ambaye vifuko vyake vya mabawa vimekuwa vyeusi yu karibu kuibuka. Aliwekwa peke yake katika chombo cha maji ya mto, chenye kijiti cha kupandia na kipande cha chandarua juu. Alipomaliza kujivua mara ya pili, yeye na magamba yake yote mawili walihifadhiwa katika alkoholi, chupa moja, lebo moja: mahali, tarehe, mkusanyaji. Chupa hiyo ndiyo ushahidi kwamba tunutu na mdudu mzima ni kiumbe kimoja.

Maelezo ya spishi huanza na dume mzima: macho, mishipa ya mabawa na koleo la kushikia jike. Hufuata tunutu: sehemu za mdomo, matamvua, kucha. Sampuli moja huteuliwa holotaipu, yaani kielelezo rasmi cha jina hilo, na kuwekwa makumbusho, na jina hukubalika likishachapishwa.

Faida ya kazi hiyo hurudi mtoni. Mfumo wa TARISS hupima afya ya mito ya Tanzania kwa wanyama wadogo wa majini, wakiwemo tunutu wa efemera. Ruvu huinywesha Dar es Salaam, na wakazi wa mto wa namna hiyo wanastahili kujulikana kwa majina yao.