Klabu bila bia? Mwenyekiti hakuamini

"Bia hamuuzi, sasa watu watakesha na nini?" Ndivyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa alivyotuuliza, mimi na mume wangu, tulipopeleka barua ya kuomba kufungua ukumbi wa usiku hapa Dar: juisi ya ukwaju, kahawa, kashata, zouk na taarab mpaka majogoo. Kodi ya miezi sita tulishalipa.

Msomaji wangu, mwenye baa hana haja ya kujieleza. Sheria ya Vileo ipo tangu 1968, na kila mtu anajua baa ni nini. Sema huuzi kilevi uone! Mjumbe alituvuta pembeni kuuliza, eti kama si danguro, basi ni shisha?

Kwenye kikao cha wakazi, mama mmoja wa jirani akasimama. "Mwanangu, bia yenu singeinywa. Spika yenu nitaisikia." Kimya. Na kweli, kanuni za kelele za mwaka 2015 hazimuulizi mtu anakunywa nini. Kibali cha BASATA kingeturuhusu kupiga muziki, lakini kisingempa mama yule usingizi.

Mume wangu alitaka kubisha, nikamfinya. Tukakubaliana: Ijumaa na Jumamosi tu, magodoro ukutani, muziki mwisho saa sita usiku. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Mama akaomba namba yangu ya simu. Ameshapiga mara mbili, na hata hatujafungua.