Nguvu ya Uzi

Katika kazi yangu napenda kutembelea vikundi vya ushonaji. Washonaji huchagua kitambaa kwa makini, lakini uzi hawauangalii. Mimi naona uzi ndio riziki yao. Sare ya mtoto ikifumuka, mteja harudi.

Chambua pamba kwa vidole. Nyuzinyuzi zake ni fupi, sentimita 3 hivi. Zikisokotwa hushikana na kuwa uzi. Zikivutwa sana huteleza, zikaachana.

Poliesta hutengenezwa kiwandani. Unyuzi wake ni mwembamba na mrefu sana. Viwanda vingine huuweka katikati na kuuzungushia pamba. Vingine huilaza pamba katikati na kuifunga kwa poliesta, kama tunavyofunga mzigo wa kuni kwa kamba. Njia zote mbili huupa uzi nguvu.

Kabla ya kununua, soma maandishi ya uzi. Kama hayapo, omba kipande kidogo ukichome. Pamba huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usiiguse kabla haijapoa. Anayejua hayo hapunjwi dukani.